Msomi anapokosa maneno ya kumweleza mkulima wa Kagera

Na Mwandishi Wetu, Bukoba

KATIKA kata ya Nshambya, Manispaa ya Bukoba, ni vigumu kupata nyumba ya zamani isiyo na migomba nyuma yake. Mji umekua, mabati yamechukua nafasi ya nyasi, lakini kibanja hakijaondoka. Ndiyo maana mwanafunzi wa chuo kikuu anayerudi nyumbani likizo hukutana na mtihani wa kitaalamu kabla hajafungua begi. Huulizwa na bibi yake kwa nini majani ya mgomba ule yamegeuka njano ilhali mvua imenyesha vizuri.

Mwandishi wa makala haya amewahi kushuhudia swali la namna hiyo likijibiwa. Kijana wa mwaka wa tatu wa shahada ya kilimo, aliyekuwa katika mafunzo kwa vitendo, alisimama mbele ya wakulima wapatao thelathini katika kijiji kimoja cha mkoa huu. Alianza na jina la Kilatini la bakteria wanaosababisha mnyauko wa migomba. Akafuata na njia za maambukizi, tatu au nne kwa hesabu, kila sentensi ikibeba maneno kadhaa ya Kiingereza ambayo hakuna aliyeyaomba. Wakulima walimsikiliza kwa adabu, kama watu wa Kagera wanavyomsikiliza mgeni.

Alipomaliza, mzee mmoja aliuliza kama ndizi za mgomba unaougua zinafaa kukamuliwa rubisi. Kijana alijibu kwamba suala hilo halikuwa sehemu ya utafiti wake. Mkutano ukafungwa.

Ingekuwa rahisi kumcheka kijana yule, lakini haitakuwa haki. Alijua alichokuwa akisema, na pengine katika mtihani wa chuo angepata alama za juu kwa maelezo yaleyale. Tatizo ni kwamba katika miaka yote aliyokaa darasani, huenda hakuna siku hata moja aliyopewa alama kwa kumfanya mtu asiye msomi aelewe jambo. Aliwajibika kwa mhadhiri peke yake, kwa lugha ya mhadhiri, na alifanya vile alivyozoezwa.

Chanzo kiko mbali zaidi ya chuo kikuu. Mtoto anayesoma shule ya msingi ya Serikali hujifunza sayansi kwa Kiswahili. Akiingia kidato cha kwanza lugha hubadilika kuwa Kiingereza, na hubaki hivyo hadi shahada ya uzamivu. Maana yake ni kwamba yale ya awali, kama mmea unavyojitengenezea chakula, anayajua kwa lugha ya nyumbani, lakini yote mazito aliyojifunza baadaye aliyapokea kwa lugha ambayo mama yake haisemi. Kwa Kagera kuna ngazi ya tatu, nayo ni Kihaya, ambacho ndicho wazee wengi hukitumia wanapozungumza jambo lenye uzito.

Vyuo vyetu vina somo la stadi za mawasiliano kwa wanafunzi wa mwaka wa kwanza. Hata hivyo, somo hilo hufundishwa kwa Kiingereza, na mkazo wake ni kusoma vitabu vya taaluma, kuandika insha, kutaja marejeo na kutoa maelezo mbele ya wanafunzi wenzake. Ni stadi muhimu, lakini hazimwandai kijana kwa mkutano wa kijiji.

Wapo wanaodai kuwa Kiswahili hakina maneno ya kubeba sayansi. Dai hilo limechakaa. Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ilichapisha kamusi sanifu ya biolojia, fizikia na kemia mwaka 1990, kisha mwaka 2003 ikatoa kamusi ya tiba. Msamiati upo. Kinachokosekana ni mazoezi ya kuutumia, pamoja na busara ya kujua ni lini neno sanifu litamsaidia msikilizaji na ni lini litampoteza. Chukua neno “chanya”. Mgonjwa anayeambiwa majibu yake ni chanya anaweza kurudi nyumbani akishangilia, kwa kuwa katika matumizi ya kila siku chanya ni kitu chema.

Kagera imelipa gharama ya pengo hili zaidi ya mara moja, na hakuna mkoa unaofaa zaidi kulitafakari.

Mwaka 1983 wagonjwa watatu wa kwanza wa Ukimwi nchini walitambuliwa katika mkoa huu. Wakati huo ugonjwa haukuwa na jina la Kiswahili. Watu waliupa jina lao, Juliana, lililotokana na mavazi yaliyopendwa sana yakiingia nchini kwa biashara ya mpakani kutoka Uganda. Wasomi wengi walilichukulia jina hilo kama ushahidi wa ujinga wa wanakijiji.

Lakini hebu tulitazame tena. Watu waliousemea ugonjwa kwa jina la vazi la magendo walikuwa wameona jambo la kweli. Waliona kwamba unawapata vijana wenye fedha, wafanyabiashara na wasafiri, na kwamba unafuata njia za mpakani. Hawakujua kuhusu virusi, lakini ramani yao haikuwa mbali na ukweli. Mwanasayansi kijana ambaye angeketi na kuuliza kwa nini mnauita Juliana angepata nusu ya taarifa alizozihitaji bila kufungua kitabu.

Jina lililokuja baadaye lilikuwa na nguvu ya aina nyingine. Ukimwi, yaani upungufu wa kinga mwilini, ni neno linalofundisha kila linapotamkwa, kwa sababu maelezo ya ugonjwa yamo ndani ya jina lenyewe, kwa lugha ya msikilizaji. Ni miongoni mwa kazi bora za mawasiliano ya sayansi zilizowahi kufanyika nchini, ingawa ni nadra kuiona ikitajwa hivyo.

Hali ya Bukoba mjini katika miaka hiyo ilikuwa ya kutisha. Utafiti wa wataalamu wa Muhimbili na wenzao wa Chuo Kikuu cha Umeå cha Sweden ulionyesha kwamba mwaka 1987 asilimia 24.2 ya watu wazima waliopimwa mjini hapa walikuwa na maambukizi, takriban mtu mmoja kati ya wanne. Mwaka 1993 kiwango kilishuka hadi asilimia 18.3, na mwaka 1996 kikawa asilimia 13.3. Sababu za kushuka huko ni nyingi, na mojawapo ni vifo vyenyewe. Hata hivyo, hakuna anayeikumbuka miaka ile atakayekana kwamba watu walibadili mienendo, na kwamba walioelewa walielewa kwa mazungumzo ya nyumbani, kanisani, msikitini na matangani kuliko kwa mabango.

Kisha ukaja mnyauko wa migomba, ambao wakulima wengi wa hapa wanauita unyanjano. Ulionekana Uganda mwaka 2001, na katikati ya muongo huo ukaingia Kagera, Muleba ikiwa miongoni mwa wilaya za mwanzo kuathirika. Bakteria wake husafirishwa na wadudu wanaotua kwenye lile ua linaloning'inia chini ya mkungu, na husafirishwa pia na panga linalotoka mgomba mmoja kwenda mwingine, na miche inayotolewa kwa jirani kwa nia njema.

Ushauri wa kwanza wa wataalamu ulikuwa sahihi kwa kanuni za maabara. Ng'oa shina lote lenye ugonjwa pamoja na machipukizi yake, uyafukie. Kata ua mapema kwa kijiti chenye panda badala ya panga. Safisha panga kwa moto au kwa dawa ya klorini kila unapohama mgomba. Maofisa ugani walizunguka, vipeperushi vikagawiwa, na sheria ndogo zikatungwa.

Wakulima wengi hawakung'oa. Katika ripoti za namna hii neno linalopendwa ni “ukaidi”, na katika semina moja mwandishi alilisikia zaidi ya mara tano kabla ya chai. Lakini anayejua kibanja ni nini hawezi kushangaa. Kwa Mhaya kibanja ni chakula cha leo na urithi wa mwanawe, na mara nyingi ndani yake mna makaburi ya wazazi. Kung'oa shina zima na kulifukia ni kazi ya jembe ya siku nyingi, ambayo mjane wa miaka 70 hawezi kuifanya hata akitaka. Kumwambia ang'oe bila kumwambia atakula nini msimu ujao ni kumpa nusu ya elimu, tena ile nusu isiyomfaa.

Kilichofuata kinapaswa kufundishwa katika kila chuo cha kilimo cha Afrika Mashariki. Watafiti waliofanya kazi katika eneo la Maziwa Makuu, hasa Kivu Kusini katika Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, walirudi kwenye swali lenyewe. Waligundua kwamba bakteria hawaenei haraka katika machipukizi yote ya shina moja. Kumbe mkulima akikata mgomba ule tu ulioonyesha dalili, usawa wa ardhi, na akirudia kazi hiyo bila kuchoka kila dalili inapojitokeza, ugonjwa hupungua sana shambani baada ya miezi kadhaa, na kibanja kinabaki. Ni kazi ambayo hata mjane anaweza kuimudu.

Kwa maneno mengine, yule aliyeitwa mkaidi alikuwa akitoa hoja. Alikuwa akisema kwamba ushauri hautekelezeki, na sayansi iliposikiliza ikatoa ushauri mwingine uliokuwa bora zaidi.

Haya si ya Kagera peke yake. Baada ya ajali ya mtambo wa nyuklia wa Chernobyl mwaka 1986, wafugaji wa kondoo wa Cumbria, kaskazini mwa Uingereza, waliambiwa kwamba zuio la kuuza mifugo yao lingedumu wiki tatu hivi. Wanasayansi walikuwa wamefanya hesabu zao kwa kutumia aina ya udongo isiyokuwa ya milimani kule, na hawakuwauliza wafugaji walioijua milima hiyo. Zuio la mwisho liliondolewa mwaka 2012. Mtaalamu wa elimujamii Brian Wynne aliwafuatilia wafugaji hao, na kazi yake imekuwa somo la msingi kwa wanaotafiti namna sayansi inavyozungumza na umma. Hitimisho lake, kwa ufupi, ni kwamba watu huipima sayansi kwa namna inavyowaheshimu pia, mbali na namna inavyowaeleza.

Machi 2023 zamu ilikuwa ya virusi vya Marburg. Machi 16 Mganga Mkuu wa Serikali alitangaza kuwapo kwa ugonjwa usiojulikana katika Wilaya ya Bukoba Vijijini, na Machi 21 Waziri wa Afya wa wakati huo, Ummy Mwalimu, akathibitisha kuwa ni Marburg. Hadi mlipuko ulipotangazwa kumalizika Juni 2, mwaka huo, wagonjwa tisa walikuwa wamehesabiwa na sita kati yao walifariki dunia. Kwa ugonjwa wa namna ile hizo ni idadi ndogo, na wahudumu wa afya waliofuatilia watu waliokutana na wagonjwa wanastahili heshima kubwa.

Lakini siku zile tano kati ya matangazo mawili zilikuwa ndefu kwa sisi tuliokuwa hapa. Ugonjwa usio na jina hupewa jina na kila kijiwe. Kisha ikaja kazi ngumu zaidi, ya kumwambia mtu asimwoshe wala kumgusa mama yake aliyefariki. Agizo kama hilo haliwezi kupita kwa kipaza sauti juu ya gari. Linahitaji mtu wa kukaa chini, kupokea kilio kwanza, na ndipo aeleze kwa nini mwili wa marehemu bado una uwezo wa kuambukiza. Linahitaji pia mtu anayeweza kulisema kwa Kihaya bila kuvunja heshima ya msiba. Ni vijana wangapi wa fani za afya waliowahi kufanyishwa zoezi hilo darasani?

Januari 2025 ugonjwa huo ulijitokeza tena mkoani hapa, safari hii Biharamulo. Shirika la Afya Duniani lilitangaza Januari 14 kuwa kuna wagonjwa wanaoshukiwa. Wizara ya Afya ikajibu kwamba sampuli zilizopimwa hazikuwa na virusi. Januari 20 Rais Samia Suluhu Hassan akatangaza kwamba mgonjwa mmoja amethibitika. Mlipuko ulimalizika Machi 13, ukiwa umeua watu 10, wawili wakiwa waliothibitishwa na maabara na wanane wakihesabiwa kwa dalili na uhusiano wao na wagonjwa.

Kwa mwanasayansi, “haujaonekana katika sampuli” na “haupo” ni mambo mawili tofauti kabisa. Kwa msikilizaji wa redio ni jambo moja, isipokuwa kama mtu amemfafanulia. Kueleza shaka bila kuleta hofu ni stadi, na kama stadi nyingine yoyote haipatikani kwa kuzaliwa nayo.

Je, nchi hii haijawahi kuijua kazi hii? Iliijua. Mwaka 1973 kampeni ya Mtu ni Afya iliwakusanya watu wapatao milioni mbili katika vikundi vya kusikiliza redio. Kila kikundi kilikuwa na kiongozi aliyepewa mafunzo. Kilisikiliza kipindi, kikasoma kijitabu, kikajadili, kisha kikaamua cha kufanya katika wiki hiyo, iwe kuchimba choo au kufukia madimbwi. Iliyoratibu ilikuwa Taasisi ya Elimu ya Watu Wazima, ambayo wakati huo ilikuwa sehemu ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, kabla ya kupewa mamlaka yake yenyewe mwaka 1975. Kwa hiyo chuo kikuu chetu kilikuwa na mkono wake ndani ya kampeni kubwa kabisa ya elimu ya afya iliyowahi kufanyika nchini. Baada ya hapo mkono huo ulirudishwa mfukoni.

Pale Morogoro, Chuo Kikuu cha Sokoine kilianzisha mwishoni mwa miaka ya 1990, kwa ushirikiano na mfuko wa Sasakawa, shahada kwa maofisa ugani waliokwisha kufanya kazi. Sehemu ya masomo yao ni kurudi vijijini na kuendesha mradi pamoja na wakulima wenyewe, wakisimamiwa na walimu wao. Ni mpango wa kuigwa, ila uliwalenga wanaokwenda kuwa wataalamu wa ugani. Mwanafunzi wa mikrobiolojia, wa famasia au wa jiolojia huachwa aamini kwamba kuzungumza na umma ni kazi ya mtu mwingine. Tetemeko la Septemba 10, mwaka 2016 lilipoua watu na kubomoa maelfu ya nyumba hapa Kagera, ilibainika jinsi wanajiolojia walivyo wachache wa kumweleza mtu wa kawaida kwa nini ardhi iliendelea kutikisika siku zilizofuata.

Nje ya nchi yapo yanayofanyika. Chuo Kikuu cha Queensland cha Australia kilianzisha mwaka 2008 shindano linalomtaka mwanafunzi wa uzamivu aeleze tasnifu yake kwa dakika tatu, kwa slaidi moja tu, mbele ya watu wasio wa fani yake, na vyuo vingi duniani vimeliiga. Ni zoezi zuri, ingawa ukumbi wenye viyoyozi si kibanja, na dakika tatu za kuzungumza hazimfundishi mtu kusikiliza. Kwa mazingira yetu kielelezo kilicho karibu zaidi kiko katika sekondari. Tangu mwaka 2011 mpango wa Wanasayansi Chipukizi Tanzania umekuwa ukiwataka wanafunzi wasimame mbele ya mabango yao na kujibu maswali ya yeyote anayepita. Inasikitisha kwamba kijana huyohuyo akifika chuo kikuu zoezi hilo hukoma.

Suala hili lina uzito wa pekee sasa kwa sababu Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kimekuja Kagera. Kampasi yake inahusishwa na kijiji cha Itahwa, kata ya Karabagaine, kupitia mradi wa kuendeleza elimu ya juu ulioanza mwaka 2021 kwa mkopo wa Benki ya Dunia. Wananchi wameipokea kwa furaha, na mazungumzo mengi ya mjini yamekuwa ya viwanja, nyumba za kupangisha na biashara ya chakula. Hayo ni ya haki. Lakini kampasi inayozungukwa na vibanja, isiyo mbali na kituo cha utafiti wa kilimo cha Maruku, ina nafasi ambayo Mlimani haikuwahi kuwa nayo.

Tuseme kila mwanafunzi wa sayansi anayefanya utafiti wa mwaka wa mwisho analazimika kuurudisha kwa watu waliompa sampuli, mashamba au muda wao. Auwasilishe kwa Kiswahili, au kwa Kihaya akiweza, na maswali yaulizwe na wenyeji. Sehemu ya alama zake, tuseme kumi kati ya mia, itokane na siku hiyo, na isitolewe na mhadhiri peke yake. Zoezi kama hilo halihitaji maabara wala mkopo mpya. Linahitaji seneti ya chuo ikubali kwamba mwenye kibanja naye anaweza kuwa mtahini, na hapo ndipo ugumu utakapokuwa, kwa sababu alama ndiyo kitu ambacho chuo kikuu hakipendi kugawana na mtu.

Wapo wahadhiri watakaosema ratiba imejaa. Ni kweli imejaa. Wengine watasema, kwa sauti ya chini zaidi, kwamba wao wenyewe hawakufundishwa na hawajui wataanzia wapi. Hao ndio wakweli zaidi, na kwao jibu linaweza kuwa kuwaita maofisa ugani wastaafu, wauguzi wa zahanati na watangazaji wa redio za mkoani, watu ambao wamefanya kazi hii miaka mingi bila kuitwa walimu.

Kuhusu swali la rubisi, baadaye mwandishi aliwauliza wakulima waliopatwa na ugonjwa huo, na maelezo yao yanalingana na ya wataalamu. Ndizi za mgomba wenye mnyauko huiva kabla ya wakati na bila mpangilio, nyama yake hugeuka kahawia, na ukizikamua hazitoi maji ya maana. Isitoshe, panga linaloukata mkungu huo na kwenda moja kwa moja kwenye kibanja kingine hubeba ugonjwa. Mzee yule alikuwa mkamuaji, na vibanja alivyokuwa akinunua ndizi vilikuwa katika vijiji vinne.